Boila la zamani lipo darini, kuta zimeshachimbwa: nianze na nini?

Swali: "Tunakarabati nyumba ya marehemu baba, Area C hapa Dodoma. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Juu ya dari kuna boila la umeme la chuma, lita mia na kitu, linalopeleka maji ya moto kwenye mabafu mawili na jikoni. Bado linachemsha, ila LUKU haikai, na maji ya kwanza asubuhi yanatoka na rangi ya kutu. Pembeni yake kuna kibomba kilikuwa kinadondosha maji darini. Fundi aliyekuja mwaka jana akakiziba kwa plagi. Sasa fundi wa ukarabati anasema tung'oe kila kitu, tufunge shawa za papo hapo, zile zinazopasha maji yanapopita, kila bafu. Shemeji anang'ang'ania sola. Mimi nimeambiwa sola haifanyi kazi Juni na Julai kwa sababu ya baridi, na kwamba boila ukiliacha limewashwa muda wote linakula umeme kidogo kuliko kuwasha na kuzima. Tupo watano, pamoja na mama mwenye miaka 76 ambaye usiku wa baridi anaingiza jiko la mkaa chumbani, likishashika vizuri na moshi kuisha. Pesa iliyobaki haitoshi kufanya yote. Nianze na nini?"

Dada, pole kwa vumbi la ukarabati. Umeuliza kuhusu boila, na nitalijibu kwa kirefu. Lakini ndani ya swali lako kuna mambo mawili yasiyoweza kusubiri ukarabati uishe: jiko la mama, na hicho kibomba kilichozibwa. Nianze na hayo.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa hatari ya jiko ni moshi, kwa hiyo moshi ukiisha tunaona jiko limekuwa salama. Sivyo. Moshi unakera macho na kukohoza, ndiyo maana unamfanya mtu atoke. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mkaa mwekundu uliotulia huitoa kwa wingi. Ikiingia mapafuni inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyekwisha lala hapati hata nafasi ya kuziona. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi kuwa kinga. Na kama katika ukarabati huu mnaondoa madirisha ya vioo vya vipande na kuweka ya alumini yanayofunga barabara, basi ile hewa iliyokuwa ikipenya na pengine kumnusuru mama miaka yote hii nayo mnaifungia nje.

Kwa hiyo jiko litoke chumbani leo, kabla hamjajua mtaweka nini badala yake. Kama mama huamka na kichwa kizito kinachopungua akitoka nje, msiishie kudhani ni malaria au presha. Mpelekeni hospitali na mumwambie daktari wazi kwamba analala na jiko la mkaa. Hilo la jiko daktari hawezi kulibahatisha asipoambiwa. Nitarudi kwenye joto la chumba chake mbele kidogo.

Sasa kibomba. Maji yakipashwa yanavimba. Lita 100 zikitoka kwenye nyuzijoto 22 hadi 60 zinaongezeka kwa lita moja na nusu hivi, na hiyo ziada lazima ipate pa kwenda. Kile kibomba ndicho njia ya valvu ya usalama. Kudondosha matone wakati boila linachemsha ni kazi yake. Kosa lilikuwa kuacha yadondokee darini badala ya kuvutiwa bomba mpaka nje. Fundi wako alipokiziba aliokoa silingi bodi na kuondoa kinga. Fikiria themostati ya zaidi ya miaka 40 ikigoma kukata: koili inaendelea kupasha, maji yanapita kiwango cha kuchemka (ambacho kwa mwinuko wa Dodoma, karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni kama nyuzi 96), mgandamizo unapanda, na chuma kilichokwisha liwa na kutu ndicho kinachoamua lini kitapasuka. Likipasuka, sehemu ya yale maji inageuka mvuke kwa mara moja. Matangi ya namna hii yameng'oa mapaa.

Zima swichi ya boila hilo na usiliwashe tena. Ukiweza, mwambie fundi umeme alitoe kabisa kwenye breka, maana wakati wa ukarabati watu ni wengi na mtu anaweza kubonyeza swichi bila kujua. Mtaoga maji ya kuchemsha kwa sufuria wiki chache. Hakuna namna.

Kuhusu ushauri wa "badili koili tu, vyuma vya zamani ni imara", nadhani utaupata hata kama bado hujaupata. Rangi ya kutu ya asubuhi imeshakujibu. Tangi la chuma hulindwa kwa ndani na tabaka la enameli pamoja na fimbo ya magneziamu inayoliwa na maji kwanza ili chuma kisiliwe. Fimbo hiyo inatakiwa kukaguliwa kila baada ya mwaka au miwili, na maji yakiwa ya chumvi inaisha mapema zaidi. Nyumba nyingi ninazoingia hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba fimbo hiyo ipo. Ikishaisha, tangi lenyewe ndilo linaloliwa. Hilo lenu lilikwisha fanya kazi yake.

Nalo suala la LUKU linahitaji hesabu kidogo, kwa sababu hapo ndipo uliposikia jambo lisilo kweli. Tuchukue kila mtu anaoga kwa lita 30 za maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40. Watano ni lita 150, na kuzipasha kutoka nyuzi 22 kunahitaji uniti 3 na kidogo. Kwa daraja la kawaida la TANESCO, ambako uniti moja ukijumlisha kodi na tozo imekuwa karibu shilingi 356, hiyo ni kama shilingi 1,100 kwa siku. Haya ndiyo maji mnayooga. Sasa ongeza joto linalopotea bure: tangi la zamani ambalo sufi yake ya kuzuia joto imeshuka, imelowa au imeliwa na panya linaweza kupoteza uniti 2 hadi 3 kwa siku bila mtu kufungua bomba. Kwa maneno mengine, linaweza kuwa linawagharimu kuogesha dari karibu sawa na kuwaogesha ninyi.

Je, liachwe limewashwa muda wote? Joto hutoka kwenye kitu cha moto kwenda mahali pa baridi, na tofauti ikiwa kubwa linatoka kwa kasi. Chai iliyoachwa kwenye chupa isiyoshika joto haikai moto; ukitaka ibaki moto inabidi uirudishe jikoni kila saa, na kila mara unalipia mkaa. Boila lililowashwa usiku kucha linafanya hivyo hivyo. Kulizima na kuliwasha saa mbili kabla ya kuoga hutumia umeme kidogo, daima. Tofauti inakuwa ndogo kwenye tangi jipya lenye sufi nene, ambalo hupoteza kama uniti moja kwa siku, lakini haiwezi kugeuka upande wa pili. Boila mtakalolifunga unaweza kulipima mwenyewe: jioni lichemke mpaka likate, kisha lizime, asitumie mtu maji ya moto usiku, asubuhi zima kila kitu kingine ndani ya nyumba, soma uniti kwenye mita, liwashe mpaka likate tena, kisha soma uniti. Kilichopungua ndicho kilichopotea usiku.

Tukija kwenye hoja za fundi na shemeji, wote wawili wanabishana kuhusu chombo kabla ya kuyatazama maji. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na hata visima vya watu binafsi vingi ni vya maji magumu, vingine ya chumvi kabisa. Tazama ndani ya birika lenu la umeme. Ule ukoko mweupe uliogandia chini ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji. Maji yakipata joto inajitenga na kugandia pale penye moto zaidi, yaani juu ya koili. Koili iliyofunikwa na ukoko haipoozwi na maji vizuri, inapata joto kupita kiasi na kuungua. Juu ya nyuzi 60 ukoko huongezeka haraka, na hii ni sababu mojawapo ya kutopandisha themostati hadi mwisho.

Kwa shawa ya papo hapo ubaya unazidi. Ndani ya nyingi za zile za bei ya chini, waya wa koili uko uchi ndani ya maji. Hazikuundwa hivyo kwa uzembe: maji laini hayapitishi umeme sana, kwa hiyo kinachovuja ni kidogo na waya wa arthi unakibeba. Chumvi ikiongezeka maji yanapitisha umeme zaidi. Ndiyo maana watu wa mikoa yetu hii husema shawa "ina shoti" wakigusa bomba huku mkono umelowa. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, koili yake imefunikwa, na ni lazima iandikwe hivyo kwenye boksi na maelekezo yake. Fundi akikuletea isiyoandikwa hivyo, mrudishie. Na hata ile sahihi isifungwe kwenye nyumba isiyo na arthi inayofanya kazi. Nyumba nyingi za enzi hizo fimbo ya arthi imeshaliwa, au waya wake ulikatwa wakati wa kujenga uzio na hakuna aliyegundua.

Halafu kuna nguvu. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, wa milimita 6 za mraba, na breka ya ampea 32. Waya wa 2.5 uliokuwa unalisha boila la kilowati 2 au 3 haufai, utapata moto ndani ya plasta. Shawa mbili zikiwashwa pamoja wakati jiko la umeme liko kazini, ni mzigo ambao meni switchi yenu ya zamani huenda isiumudu. Na umeme ukishuka jioni hadi volti 190, nguvu ya shawa inashuka hadi kama theluthi mbili, kwa hiyo kwenye 5.5 unabaki na chini ya 4. Maji yatakuwa ama vuguvugu ama uzi mwembamba, chagua moja. Kwa mtu mzima wa miaka 76 Julai alfajiri, hilo si dogo.

Sizikatai shawa hizi. Zinatumia umeme vizuri kwa sababu hazihifadhi maji, kuoga dakika 8 ni kama robo tatu ya uniti. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, kwenye maji laini na waya mpya, ningezipendekeza bila kusita. Kwa nyumba yenu naziweka mwisho.

Sola, kwa upande mwingine, imesingiziwa. Kinachoipasha ni mwanga wa jua. Hewa ikiwa ya baridi inaiba joto kidogo tu, na chombo chenye kioo na sufi kinalizuia. Juni na Julai Dodoma ni kiangazi, mbingu nyeupe, jua linachoma hata upepo ukiwa mkali. Miezi inayosumbua sola hapa ni ile ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, siku mawingu yanapofunga, na kwa siku hizo tangi la sola huwekewa koili ndogo ya akiba. Shemeji ana hoja.

Ila muulize maswali haya. Paneli itatazama wapi? Sisi tuko kusini mwa ikweta, nyuzi 6 hivi, na mwezi Juni jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, karibu nyuzi 30 kutoka utosini. Paneli itazame kaskazini na iinuliwe nyuzi 15 hadi 20, ili ivune vizuri zaidi katika miezi hiyo mnayoyahitaji maji ya moto. Mafundi wengi huilaza kwenye mteremko wowote wa bati ulio karibu. Je, kenchi zitabeba? Tangi la lita 200 likiwa na maji, pamoja na paneli na fremu, linakaribia kilo 300, juu ya mbao ambazo zimeishi na mchwa wa Dodoma zaidi ya miaka 40. Apande mtu na bisibisi achome kila mbao karibu na ukuta. Ikiingia kama kwenye mkate, kenchi hiyo ibadilishwe kwanza. Na kama paa lenu ni la zile sheti nene za kijivu za asbesto, asitoboe mtu wala kukata mpaka apatikane mwenye ujuzi wa kuziondoa, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu.

Lingine ni mgao wa maji. Sola za mirija ya kioo ambazo maji yenyewe hupita ndani ya mirija ni rahisi, lakini mirija ikikauka mchana huku jua linawaka, halafu maji ya baridi yakarudi ghafla saa nane, kioo kinapasuka. Maji magumu nayo huacha tope la chokaa humo ndani. Kwa hapa kwetu ninaona bora ile ya paneli bapa yenye mzunguko uliofungwa: umajimaji maalumu unazunguka kati ya paneli na koti la tangi, na maji ya kuoga hayaingii kwenye paneli kabisa. Bei yake iko juu. Yoyote mtakayochukua ambayo inalishwa kwa mteremko, tangi la akiba lazima liwe juu kuliko tangi la sola. Nimeona minara mizuri ya zege iliyojengwa chini ya usawa wa paa, na sola haipati tone. Na kwenye tangi la akiba, bomba la kulisha sola litolewe chini kabisa, la matumizi mengine litolewe juu yake kwa kiganja hivi, ili maji yakipungua vyoo na bustani vikose kwanza na sola ikose mwisho.

Kuhusu hita za gesi nitasema machache. Zinapasha vizuri na hazijali volti, lakini zinateketeza hewa na kutoa ile ile kaboni monoksaidi ya mkaa. Zifungwe nje ya nyumba tu, kwenye ukuta wa nje, kamwe siyo bafuni. Nyingi pia haziwaki mgandamizo ukiwa mdogo, na tangi lililo mita 3 juu ya bomba linatoa mgandamizo mdogo kweli.

Sasa pesa. Kitu kimoja ulichonacho leo ambacho hutakuwa nacho mwaka kesho ni kuta zilizo wazi. Boila unaweza kulibadili siku yoyote kwa nusu siku. Bomba lililo nyuma ya marumaru mpya huwezi kulifikia bila kuvunja. Kwa hiyo ningekuwa kwenye nafasi yako, fungu la kwanza lingeingia ukutani. Mabomba ya chuma ya zamani yote yatoke, ya moto na ya baridi, maana sehemu ya ile kutu inatoka humo na yameziba kwa ndani. Yaingie ya plastiki ya PPR yanayounganishwa kwa joto, ya daraja la maji ya moto. PVC ya kawaida isipitishe maji ya moto hata mita moja. La moto livishwe sponji kabla ya plasta. Njia iwe fupi: mita 15 za bomba la milimita 20 zinabeba kama lita 2 ambazo kila asubuhi utazimwaga baridi ukisubiri moto, na katika mji wenye mgao lita 2 kwa kila anayeoga ni maji.

Humo humo ukutani, wapitishe jozi ya mabomba kutoka bafuni hadi juu ya kenchi, yafungwe vizibo, yasubiri sola siku pesa itakapopatikana. Wapitishe pia paipu tupu ya waya kutoka kwenye breka hadi mahali pa boila, pana kiasi cha waya wa 6, hata kama leo mnavuta wa 2.5. Gharama ya hivyo vyote sasa ni ndogo ukilinganisha na kurudi kuvunja.

Fungu la pili ni arthi mpya, ipimwe kwa mita na usomaji uandikwe, pamoja na kifaa kinachokata umeme wote mara tu unapovuja, ambacho mafundi wanakiita ELCB au RCD. Chagua cha miliampea 30. Hiki kinamlinda mama bafuni kuliko kitu kingine chochote nilichotaja.

Fungu la tatu ndilo boila: la umeme, lita 80, koili ya kilowati 2, sufi nene, lenye alama ya TBS, na saa ya kuliwasha lenyewe. Lita 80 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya baridi zinatoa karibu lita 170 za nyuzi 40, zinawatosha watano. Litachukua saa mbili kasoro kidogo, kwa hiyo likiwaka saa 10 alfajiri, saa 12 mnaoga. Lifungwe kwenye ukuta imara mahali panapofikika, valvu ya usalama ivutiwe bomba mpaka nje, na kusiwe na koki yoyote kwenye bomba hilo. Lifungwe kwa bolti zinazofika ndani ya tofali, kwani ardhi ya Dodoma hutetemeka mara kwa mara, na boila hilo likijaa linapita kilo 100. Themostati ikae 60, si chini, ili bakteria wasizaliane kwenye maji yaliyotulia. Lakini nyuzi 60 huunguza ngozi ya mzee kwa sekunde chache tu, kwa hiyo bafu la mama liwekewe valvu ya kuchanganya inayojirekebisha yenyewe, isizidi 42. Usikubali mtu akisema mtamchanganyia kwenye ndoo. Kuna siku atakuwa peke yake.

Sola ije baadaye, kwenye yale mabomba yanayosubiri, na hili boila liwe akiba yake.

Nimeahidi kurudi kwenye chumba cha mama. Kinapoa kwa sababu usiku wa kiangazi mbingu hazina wingu, na bati linatupa joto lake kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Kama dari ni jembamba au ina nyufa, chumba kinafuata. Kwa hiyo dawa ya kwanza iko juu: sufi ya dari juu ya chumba chake, angalau hicho kimoja, na nyufa za dari na mlango zizibwe. Sufi hiyo hiyo itampunguzia fukuto la Oktoba na Novemba. Kisha chupa ya mpira ya maji ya moto miguuni, imefungwa kitambaa. Ikibidi, hita ya umeme ya kilowati 1.5, ile yenye mafuta yaliyofungiwa ndani, iwashwe saa mbili kabla ya kulala halafu izimwe: uniti 3, kama shilingi 1,070. Kama mlikuwa na mpango wa kufunga kiyoyozi, nunueni kinachopasha pia. Kwa uniti moja huleta chumbani joto la uniti 3 hivi, kwa sababu hakitengenezi joto, kinalihamisha kutoka nje.

Mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa mbali ni haya: uimara wa kenchi, hali ya arthi na waya wa zamani, na aina ya paa. Kwa umeme mtafuteni fundi mwenye leseni ya kufunga umeme kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, muombeni awaonyeshe, asione haya. Na kama kabla hajafika mtu atahisi hata mchomo mdogo wa umeme akigusa bomba au sinki, zimeni meni switchi na msioge mpaka sababu ijulikane.

Kabla fundi ujenzi hajarudishia plasta, mabomba mapya yajazwe maji kwa pampu ya kupimia, mgandamizo uwe juu kuliko wa kawaida, yaachwe usiku mzima huku geji imefungwa. Asubuhi muende wewe na fundi bomba muisome pamoja. Ikiwa imeshuka, plasta isubiri. Ikiwa imesimama pale pale, piga picha kila ukuta ukiwa bado wazi, futi kamba imeshikwa kutoka kwenye kona hadi kwenye bomba ili vipimo vionekane, kisha mruhusu apige plasta.